Chupa ya Bi Hadija

"Nungu, maji yamemwagika. Barabara ya Ruangwa."

Ildefonsi, mkuu wake wa upelelezi, hakuongeza neno redioni, na Lydia Ngolo, Nungu mwenyewe, hakuuliza. Maana yake aliijua: sanduku la sampuli za mkojo limeibwa maabara Nachingwea, na mwizi anakimbilia Ruangwa.

Akapiga kiki pikipiki yake, Honda XL.

Mwizi aliitwa Maximilian. Mtu gani huyu, suti nyeusi na tai katikati ya vumbi la kijiji cha Naipingo! Wageni fulani walimtuma kuuza vijiti bandia vya kupimia mkojo wa wagonjwa wa kisukari. Ukichovya, kinasema safi. Figo zivuje protini, zisivuje, safi tu. Watafiti wa Nachingwea walikuwa na kipimo cha kweli, kinachogundua figo zinazoanza kuharibika kabla mgonjwa hajavimba hata mguu. Chupa zile zingemuumbua, ndiyo maana akaziiba.

Moja ilikuwa ya Bi Hadija, mkulima wa ufuta wa Nandagala. Kijiti cha Maximilian kilishamwambia yu mzima. Chupa ile ikipotea, atakuja kujua ukweli wakati figo zimekwisha, na mashine ya kusafisha damu haiko Nandagala.

Land Cruiser nyeupe ikaonekana.

Beretta ya Lydia ikalia mara moja. Tairi la nyuma likaisha upepo, gari likayumba na kusimama.

Maximilian alishuka akitabasamu, akatoa sanduku mwenyewe. Akaeleza kwa sauti ya kibosi kwamba alilichukua kwa bahati mbaya, akidhani ni mzigo wake. Lydia alifungua chupa moja, akanusa. Akaguna.

"Wewe baba, huu mkojo wa ng'ombe."

"Huwezi kujua kwa kunusa."

"Mimi Msukuma. Nimekulia zizini. Si bora ungetia hata chai ya rangi?"

Kumbe aliuomba kwa wafugaji wa Kisukuma kule Naipingo. Walimjazia dumu, wakamcheka alipogeuka. Haikumpitikia akilini kwamba anayemfukuza angeweza kuwa mtoto wa watu walewale. Na huyo ndiye aliyejiona mjanja! Debe tupu kabisa.

Za kweli ziko wapi, basi?

Lydia alilitazama gari. Tairi halina upepo, dereva yuko chini, na injini bado inaunguruma. Nani anachoma dizeli bure? Akafuata waya kutoka kwenye dashibodi mpaka nyuma ya kiti. Friji ndogo. Wageni walitaka kuzichunguza chupa wao wenyewe, na yule kibaraka alikuwa akiwatunzia zisiharibike.

Mkono wa Maximilian ukaenda kwapani.

Teke la goti la Lydia liliwahi. Bastola ikaanguka, suti ikafuata vumbini. Pingu.

"Nungu hapa. Maji yamezoleka."

"Yote?"

"Yote. Na ya baridi."

Jioni ile, kituo cha polisi Ruangwa, simu ya Lydia iliita. Ildefonsi tena, kutoka maabara alikozirudisha chupa. Majibu ya Bi Hadija yametoka: figo zimeanza kuvuja, lakini kidogo sana. Amewahiwa. Dawa anaanza leo, na daktari ana matumaini makubwa. Lydia alifurahi mpaka akafumba macho.

Kwenye benchi, Maximilian alikuwa amesikia. Akakohoa.

"Afande, na mimi nina sukari. Miaka mingi. Naomba wanipime."

"Vijiti vyako vimejaa gari zima. Nikuletee kimoja?"

Askari wa zamu aliacha kuandika. Maximilian aliangalia viatu vyake vilivyojaa vumbi.

"Hivyo hapana," akasema taratibu. "Nataka kipimo cha kweli."

Lydia alimtazama kama mtu anayetazama kinyesi kilichokanyagwa. Kisha akachukua chupa tupu ya sampuli, akaiweka juu ya benchi, kando yake.

"Jaza. Ila wagonjwa wenzako uliowadanganya watapimwa kwanza."

Akavaa helmeti, akatoka.