Skrini Iliyoamka Upesi

Ngumi ya kwanza ilimpata Bisibisi kabla hajamaliza kusema "hamjambo".

Ya pili ilipita hewani. Ya tatu haikuwepo, maana mwenye ngumi alikuwa amekwisha kukutana na mtungi wa kuzimia moto, kilo tisa za chuma kitupu, na maongezi yao yalikuwa mafupi. Mlinzi akaangukia maboksi. Jino lake moja lilinasa kwenye kola ya Bisibisi. Bisibisi alilichomoa, akamtilia mwenyewe mfukoni.

"Usije ukasema tumekuibia."

Saa yake, Casio ya plastiki iliyopasuka kioo, ilionyesha saa tano na nusu asubuhi. Kipokezi kilichofichwa katika sikio la kulia kikaunguruma.

"Umeingia?"

Ni Shangazi. Hakuwa shangazi yake. Idara nzima ya ujasusi ilimwita hivyo, na wa mwisho kumuuliza jina lake halisi siku hizi anahesabu mabuti stoo.

"Nimeingia. Mlinzi amelala."

"Kwa hiari yake?"

"Nimembembeleza."

"Ziko ngapi?"

Bisibisi alitazama ghala. Meza nne ndefu. Juu ya kila meza, kompyuta mpakato kumi, nene na nyeusi.

"Arobaini. Toleo moja, rangi moja, umri mmoja. Ukizipanga mstarini unaweza kuziimbisha wimbo wa shule."

Mzigo ule ulipita mpakani jana kwa jina la mitumba. Ndani ya kifuniko cha kompyuta moja kulikuwa na diski, nyembamba na ndefu kama kidole cha shahada. Ndani ya diski, majina mapya na anwani za mashahidi tisa waliofichwa na serikali. Mnunuzi angefika saa sita kamili. Akiondoka nayo, mashahidi wangeanza kufa kesho yake.

Wa saba katika orodha alikuwa dada yake Bisibisi.

"Nizichome zote?"

"Uzichome, halafu tujuaje kama ilikuwemo? Naitaka mkononi. Wenzako wako dakika arobaini kutoka hapo."

"Kila kifuniko kina skrubu nane, Shangazi."

"Ndiyo maana nimemtuma fundi, mwanangu."

Sikio likanyamaza.

Kabla ya ujasusi, Bisibisi alitengeneza kompyuta miaka sita katika chumba kisicho na dirisha. Huko ndiko alikopata jina, na kovu la kidevuni, zawadi ya mteja ambaye mashine yake haikupona. Alichukua kompyuta ya kwanza mwishoni mwa meza ya nne, akafungua kifuniko. Skrubu nane, dakika tatu. Ndani hamkuwa na diski. Mlikuwa na tyubu nyembamba ya kioo, ndugu mdogo wa zile ndefu za darini, na pembeni kadi ndogo ya kupandisha umeme, inveta.

Inveta ile ilikuwa nyembamba na ndefu. Kama kidole cha shahada.

Akaipima kwa kidole chake.

Dada alikuwa amempigia asubuhi hiyo hiyo, analalamika kama kawaida. "Mdogo wangu, hii skrini ya laptopu yangu inaamka na macho mekundu kama mlevi. Naiwasha, naenda kuoga, narudi bado inajinyoosha. Utaibadilisha lini?"

Skrini za tyubu ndivyo zilivyo. Tyubu lazima ipate moto kwanza, kwa hiyo inaanza na wekundu hafifu. Za siku hizi hazina mambo hayo. Nyuma yake kuna utepe wa taa ndogo za LED, zinakula umeme kidogo na kuwaka papo hapo, nyeupe pe. Hazihitaji inveta. Na inveta ikitoka, mahali pake panabaki wazi.

Pa kutosha diski.

Hao wajanja waling'oa tyubu na inveta, wakapachika LED ili askari wa forodha wakiiwasha waone inawaka, wakalaza diski pale. Basi hakuna haja ya kufungua. Aziwashe tu. Ile itakayoamka upesi kuliko umri wake ndiyo mwongo.

Alishusha mapazia ili rangi zionekane. Betri zote zilikwisha kufa, akavuta waya wa soketi nyingi. Ile aliyoifungua aliichomeka, akaiacha inawaka, matumbo nje. Akaanza meza ya kwanza.

Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu tena.

Ishirini zikapita, zote zinapiga miayo.

Funguo zikalia mlangoni.

Aliyeingia mbele alikuwa na Beretta iliyofungwa kiwambo cha kuzuia sauti. Walimwita Waranti, kwa sababu kila aliyefanya naye biashara aliahidiwa usalama, na usalama wenyewe uliisha mapema. Nyuma yake alikuja mnunuzi, mama wa makamo mwenye glavu nyeupe na mkoba mdogo.

"Fundi," alisema Waranti. "Nani kakuita?"

"Nimesikia mna skrini zinasumbua, bosi."

Beretta ilikohoa. Ncha ya sikio la kushoto la Bisibisi ikaondoka nayo. Damu ikamiminika shingoni, ya moto.

"Ongeza utani."

"Sina haja." Bisibisi alikuwa amerudi nyuma hadi meza ya nne, mkono umebana sikio. "Umechelewa. Diski nimeitoa tangu saa tano. Nimerudishia tyubu na inveta, nimekaza skrubu zote nane. Mama hapa ataondoka na laptopu kuukuu."

Mnunuzi aligeuka taratibu. "Ni kweli?"

"Anadanganya huyu."

"Nionyeshe."

Waranti alitabasamu. Alisoma namba ya mashine aliyoiandika mgongoni mwa kiganja chenye bastola, akaja meza ya nne, akavuta kompyuta ya tatu kutoka mwisho.

"Kama karudishia tyubu, mama, itaamka polepole. Kama ni ile yangu..."

Akachomeka waya. Akainama. Akabonyeza.

Mwanga mweupe ukamlipukia machoni.

"Asante," alisema Bisibisi.

Aliudaka mkono wenye Beretta na kuubamiza juu ya ile inveta iliyokuwa wazi. Volti mia saba. Umeme ule haumuui mtu, unamfanya ajute tu. Vidole vya Waranti vikafunguka, bastola ikaanguka, naye akabweka kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Bisibisi akachomoa bisibisi yake mfukoni, akaipitisha katikati ya kiganja kile, juu ya namba, hadi ikaingia kwenye mbao.

Mnunuzi alikwisha fungua mkoba. Kibastola chake kilikuwa kidogo kama kiberiti cha gesi, lakini kilijua kazi.

Bisibisi akajitupa nyuma ya Waranti.

Risasi mbili zikamwingia Waranti kifuani. Ya tatu ikamchana Bisibisi paja. Waranti alimtazama mteja wake kwa mshangao mkubwa, kisha akalegea, ananing'inia kwa ule mkono uliopigiliwa.

Ya nne haikutoka. Bisibisi alikuwa ameinyakua kompyuta iliyokuwa karibu, kilo tatu, kifuniko kinene, akairusha kwa mikono miwili. Ilimpata mama usoni. Pua ikavunjika, taya likafuata. Alikwenda chini na glavu zake, ambazo hazikuwa nyeupe tena.

"Ndiyo faida pekee ya hizi za zamani," alimwambia huku akimfunga mikono kwa waya wa chaja. "Ni nzito."

Skrubu nane. Alichomoa bisibisi kiganjani mwa Waranti, akazifungua polepole za ile iliyowaka nyeupe, damu ikidondokea kibodi. Diski ilikuwa pale pale, imelala kama mtoto.

"Shangazi. Ninayo."

"Umeumia?"

"Sikio limepungua. Nitasikia amri zako nusu nusu."

"Si mara ya kwanza. Toka hapo."

Alijifunga paja kwa kitambaa, akamruka mlinzi aliyekuwa anaanza kukoroma, akatoka juani. Chini ya kwapa alibeba kitu bapa kilichofungwa gazeti. Akapiga simu.

"Dada, ile skrini yako nakuja kuibadilisha leo."

"Ulisema hivyo mwaka jana."

"Mwaka jana sikuwa na skrini."

"Na leo umeipata wapi?"

Bisibisi alivuka barabara, anachechemea kidogo.

"Kuna jamaa kaniwashia mwenyewe, nikaona ni nzima."