Chuma cha Kukamulia Muhogo

Riziki wa Ziwani anasifika kwa unga wake wa muhogo. Ni mweupe pee! Humenya muhogo, huukuna, huutia kwenye viroba, kisha huweka mawe juu ili maji yatoke.

Mawe yalimchosha. Mumewe, Nassoro, akamletea chuma alichokiokota porini, palipokuwa na kambi ya wakandarasi zamani. Kilikuwa kidogo kama ndoo ya lita tano, lakini kizito ajabu. Kilikamua zaidi kuliko mawe manne. Riziki alikuwa na mimba ya miezi sita. Akichoka, alikikalia hichohicho.

Siku moja Bwana Hatim, mwenye duka Mikindani, alifika kuchukua unga. Yeye hununua pia vyuma chakavu. Alimkuta Riziki amekaa juu ya chuma, anamenya. Akasalimia, akainama kutazama. Mara akaruka nyuma.

"Riziki, inuka hapo! Toka!"

Riziki alikimbia. "Kuna nyoka?"

"Afadhali angekuwa nyoka!"

Hatim akaonyesha kibandiko cha njano kilichochakaa. Kilikuwa kimechorwa vipande vitatu vyeusi, kama mapanga ya feni.

"Ah, hiyo si mota tu?" akauliza Nassoro, akitokea nyuma ya nyumba na nyundo mkononi. "Kesho nakipasua. Ndani mna risasi, ile metali nzito, nitaifunga kwenye nyavu zizame. Boliti mbili nimeshazikata. Imebaki moja."

Hatim akashika kichwa. "Yarabi! Weka nyundo chini, Nassoro! Hiyo ni alama ya mionzi!"

Alijuaje? Mwezi uliopita, chama cha wataalamu wa nyuklia kiliwaita wanunuzi wa vyuma chakavu kwenye semina.

"Nilifuata chai na sambusa, nasema kweli," Hatim alisema huku akitafuta namba kwenye simu. "Walipotuonyesha picha za watu walioungua, sambusa ilinishinda."

Alimpigia Lucy, fundi wa eksirei mjini, ambaye ni mwanachama wa chama hicho.

"Sogeeni mbali, hatua hamsini au zaidi," Lucy alisema. "Msikiguse, msikihamishe. Zuieni watu wasipite. Naijulisha Tume ya Nguvu za Atomiki, kisha nakuja."

Alifika na kipima mionzi. Alipokisogeza kuelekea kwenye chuma, kikaanza kulia, tik-tik-tik. Riziki akaangua kilio.

"Mwanangu! Nimemuua mwanangu kwa kukaa tu?"

"Tulia, mama. Utapimwa," Lucy alimwambia. "Ndani ya chuma hiki mna kitu kidogo kama punje ya mtama. Kinatoa mionzi. Huioni, wala haina harufu. Wataalamu huitumia kupima visima vya gesi na kutibu saratani. Ukuta mnene wa risasi ndio unaoizuia. Punje ikitoka nje, inaunguza watu na kuwaua."

"Na mume wangu alibakiza boliti moja."

Lucy alimtazama Nassoro. "Ndiyo, mama. Moja tu."

Nassoro alikaa chini mchangani.

Kesho yake wataalamu wa Tume walikuja na gari maalumu, wakakichukua. Ukuta ulikuwa mzima. Riziki alipimwa. Mionzi iliyompata ilikuwa kidogo sana, na mtoto alikuwa anacheza tumboni. Hata unga ulipimwa. Haukuchafuka, kwa sababu punje haikutoka.

"Chama chenu ni serikali?" Nassoro alimuuliza Lucy.

"Hapana. Tume ndiyo ya serikali. Inatoa vibali na kukagua. Sisi ni watu wa kazi hii: wa hospitali, wa viwanda, wa vyuo, wa gesi. Tunafundishana kufanya kazi kwa usalama. Mmoja akikosea, wote tunajifunza. Na tunawaelimisha wananchi. Namba iliyochongwa kwenye chuma chako niliituma kwa wenzangu. Mmoja ameitambua, kwa hiyo Tume itampata aliyekitelekeza."

"Basi njoo Ijumaa, uwaambie na wenzangu."

Ijumaa, baada ya swala, watu walikusanyika. Lucy aliwaonyesha picha ya alama ile. Nassoro akasimama mwenyewe, akaeleza yote. Hakuficha kitu.

"Najiita fundi," alisema. "Kumbe nilikuwa naiua nyumba yangu. Naona aibu, jamani, lakini bora niaibike mnisikie."

Hapo Salumu, anayekaa upande wa pili wa Ziwani, akainuka.

"Nassoro, kule porini vilikuwa viwili. Kile kingine nilikichukua mimi. Nimekifanya figa. Mke wangu anapikia sasa hivi."

Watu wakapiga yowe. Moto! Risasi huyeyuka motoni! Lakini hakuna aliyekwenda kutazama, wala aliyebeba maji kwenda kuzima. Salumu alipiga simu.

"Mama Ramadhani, acha chungu! Acha kila kitu! Chukua watoto mtoke!"

Lucy alikuwa tayari anaongea na Tume. Nassoro alisimama mbali njiani, akiwarudisha wapita njia. Riziki aliwapokea majirani wa Salumu, watu wa nyumba nne, akawaingiza kwake.

Moto ulijifia wenyewe. Wataalamu wa Tume walipofika, walikuta ukuta wa risasi umeanza kulainika upande mmoja, lakini punje haijatoka.

Kunde za Mama Ramadhani ziliungua zote. Watu hakuungua hata mmoja.