Ngoma ya Jumamosi

Ziwa Naivasha lilikuwa limeingia mtaa wa Kihoto tena. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja pole pole, kama mgeni asiyebisha hodi. Jumatatu lilifika kwenye sukuma wiki. Jumatano lilifika chooni. Ijumaa asubuhi Achola alifungua mlango, akakuta maji yamebakisha hatua kumi tu.

Alifanya kazi zake kama kawaida. Alifagia, akawasha jiko, akapika chai. Achola alikuwa mwanamke wa bidii, na alifagia siku hiyo kana kwamba ufagio unaweza kufukuza ziwa. Mumewe, Obura, alikuwa kazini kwenye shamba la maua, na barabara ya kutoka huko ilikuwa imekatika. Nyumbani alibaki yeye na binti yao Valarie, mwenye miaka sita.

Jirani yao alikuwa Wamuyu, mshirika wa kanisa la Wakorino. Alivaa kilemba cheupe siku zote. Kila Jumapili yeye na wenzake walipiga ngoma kanisani tangu asubuhi hadi alasiri, na Achola alifunga dirisha. Achola na kanisa lake dogo walisali Jumamosi, bila ngoma. Wanawake hawa wawili walisalimiana tu kwenye kamba ya nguo.

Ijumaa hiyo, Jepkosgei, mhudumu wa afya wa mtaa, alikuja akiwa amevaa gambuti za mpira.

"Mama Valarie, dawa ya kutibu maji nimeiweka kwa kanisa ya Wakorino," alisema. "Ndiyo pekee iko kavu. Enda uchukue yako leo leo. Choo zimejaa, na hiyo maji imeingia kwa kisima."

Achola akatazama chini. "Nasikia waliiombea."

"Nini?"

"Hiyo dawa. Walizunguka katoni na ngoma wakaomba. Sisi hatutumii kitu imeombewa na dhehebu ingine. Pasta Sitati alikataza."

"Sasa maombi imeharibu dawa?"

Kusema kweli, Achola alilijua jibu. Lakini aliogopa. Mwaka uliopita, mama mmoja alikwenda harusi ya kanisa lingine. Pasta Sitati akamsimamisha mbele ya watu, akamtenga miezi mitatu. Katika miezi hiyo mama yule akafiwa, na hakuna mshirika aliyempelekea hata kikombe cha chai. Achola alikuwa mmoja wa wale ambao hawakwenda.

"Kama hutaki dawa, basi chemsha maji mpaka yatokote," Jepkosgei alisema, akaenda zake kwa nyumba nyingine.

Makaa makavu yaliishia kwenye chai ya asubuhi; yaliyobaki yalikuwa yamelowa. Achola alichota maji kisimani, akayaacha yatulie kwenye ndoo. Yalionekana safi. Walikuwa wakiyanywa hivyo tangu Jumatano.

Jumamosi kulipopambazuka, Valarie alianza kuhara. Alihara mara tatu, kisha mara sita, majimaji meupe kama maji ya mchele. Halafu akatapika. Achola alipiga simu kwa Pasta Sitati. Haikupatikana. Washirika wote walikuwa kwenye ibada katika ukumbi wa shule, kule juu barabarani, na siku ya ibada walizima simu. Alimpigia Obura. Obura alilia naye, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka.

Achola akatazama nje. Maji yalikuwa yamepita kizingiti na kumfika magotini. Upande wa kisima, mgongo mweusi wa kiboko ulijitokeza, ukazama. Angepitaje pale na mtoto mgongoni?

"Mama Valarie!" Wamuyu aliita kutoka ng'ambo ya ukuta. "Nasikia mtoto analia. Ako na nini?"

"Hana kitu," Achola akasema.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Valarie alikuwa amelala juu ya meza. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Alilia, lakini machozi hayakutoka. Achola alipoona analia bila machozi, hofu ya pasta ilimtoka, ikaingia nyingine kubwa kuliko hiyo.

"Wamuyu!" alipiga kelele. "Wamuyu, anahara tangu asubuhi! Mtoto wangu anaenda!"

Wamuyu alikuja huku maji yakimfika mapajani. Alibeba chupa ya maji na vifuko vya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa wanaoharisha. Akachanganya kimoja chupani, akamimina kikombeni, akachukua kijiko. Achola akamshika mkono.

"Hiyo maji... imetiwa ile dawa?"

"Imetiwa. Na imeombewa pia," Wamuyu alisema bila hasira. "Mama Valarie, unaogopa pasta ama unaogopa kaburi?"

Achola akamwachia mkono. "Mpe," akasema.

Kijiko kimoja. Kidogo kidogo. Valarie alitapika cha kwanza. Walingoja kidogo, wakampa tena.

"Hii haitoshi," Wamuyu alisema. "Anataka hospitali. Endelea kumpa, usiache." Akatoka. Aliporudi, alikuwa amejitwika ngoma yake. Akasimama juu ya kiti mlangoni, akaanza kupiga.

"Leo si Jumapili!" Achola alisema.

"Ndiyo maana watashangaa. Watauliza kuna nini."

Alipiga hadi jasho likalowesha kilemba. Alipochoka, alianza Sala ya Bwana kwa sauti. Achola akajikuta anaisema pamoja naye, huku kijiko kikiwa mkononi. Alingoja maneno ya Wamuyu yaachane na yake. Hayakuachana hata mara moja, mpaka amina.

Hatimaye boti ya mvuvi mmoja, Mzee Wanyonyi, ilitokea kati ya nyumba. Ndani yake, akiwa amevaa suti na tai, alikaa Pasta Sitati.

Achola aliogopa upya. Kabla hajajua anachofanya, alificha kikombe nyuma ya mgongo.

"Hiyo ni nini?" pasta aliuliza.

"Ni maji... ya kanisa ya kina Wamuyu," Achola alisema. "Nitenge ukitaka, Pasta. Lakini mtoto atakunywa."

Pasta alikitazama kikombe.

"Imebaki ingine?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Ngoma tuliisikia kule ibadani, nikaja kutafuta msaada. Watoto wanne huko wanaharisha. Mmoja ni mjukuu wangu."

Wamuyu alimpa maji yaliyobaki chupani na vifuko vyote, kisha akapanda botini, akampokea Valarie kutoka kwa Achola.

Zahanati ilikuwa juu, karibu na barabara. Valarie aliwekewa maji ya dripu. Wale watoto wanne pia. Jepkosgei aliwakusanya wazazi nje, vilemba na tai pamoja.

"Hii yaweza kuwa kipindupindu," alisema. "Maji ya kunywa itiwe dawa ama ichemshwe. Osha mikono na sabuni ukitoka choo na kabla ya kula. Mtoto akianza kuharisha, kifuko kimoja cha ORS kwa lita moja ya maji safi. Mpe kidogo kidogo, na umlete hapa mara moja. Usingoje jioni. Na mimi ni Mkatoliki. Mniambie sasa kama kuna mtu hatasikia maneno yangu."

Watu walicheka kidogo. Pasta Sitati hakucheka. Alisimama mbele yao.

"Niliwafundisha kuogopa watu wanaomwita Yesu kama sisi," alisema. "Nilikosa. Mama Valarie, nisamehe."

Wazee wa makanisa yote mtaani walikutana wiki hiyo. Walibishana kuhusu vilemba, ngoma na ubatizo, na hawakuafikiana hata kwa moja. Lakini kuhusu maji waliafikiana upesi. Tangi likawekwa barabarani. Jumamosi, wanaosali Jumapili wangelihudumia. Jumapili, wanaosali Jumamosi wangeshika zamu. Hakuna siku ambayo tangi lingekosa mtu.

Jumapili ya kwanza, zamu ilikuwa ya Achola. Valarie, aliyekonda lakini mzima, alikaa kando yake akigonga jerikeni tupu kufuata ngoma iliyosikika kutoka kanisani. Achola alipima dawa kama alivyofundishwa, akaitia tangini, akangoja nusu saa. Kisha yeye na Pasta Sitati wakashikana mikono, wakayaombea yale maji.

Ngoma ilipotua, Wamuyu alikuja na mtungi wake. Alilitazama tangi, akamtazama Achola.

"Mmeiombea?"

"Tumeiombea," Achola alisema.

"Basi nijazie," Wamuyu alisema, akanyoosha mtungi.