Judica na Kitabu Kinene

Judica hakujua kutulia. Alifagia uwanja huku akipiga mswaki, akanywa chai amesimama, na kabla hajamaliza kufunga kamba za viatu mguu mmoja ulikuwa umeshatoka nje ya mlango. Shangazi yake Evelyne, aliyekuwa akiishi naye Ijuganyondo tangu alipotoka kwa wazazi wake Muleba, alikuwa amechoka kumwambia apunguze mwendo.

"Mwanangu, una moto miguuni?" alimuuliza asubuhi hiyo ya Alhamisi.

"Nawahi, shangazi," alijibu Judica, tayari yuko njiani.

Kweli alikuwa na la kuwahi. Shule yao ya sekondari ilikuwa imepewa kompyuta za zamani zinazotumia mfumo wa Linux, tena zile zisizo na picha za kubofya. Ukiwasha moja unakuta skrini nyeusi na kijistari kinachopepesa, kikisubiri uandike amri kwa herufi. Mwalimu Burhani, mlezi wa klabu ya kompyuta, alizoea zile za kubofya, kwa hiyo naye alikuwa anaanza moja. Na Mkuu wa Shule, Mwalimu Rutashobya, alikuwa ametoa neno: kama hadi Ijumaa ya wiki ijayo wanafunzi hawawezi kuzitumia, kompyuta zitapelekwa shule moja ya Muleba inayozihitaji.

Judica alikuwa mwenyekiti wa klabu. Hakutaka kukiona chumba cha kompyuta kikiwa kitupu.

"Tunaweza kununua kitabu kimoja tu," Mwalimu Burhani alimwambia siku hiyo baada ya vipindi. "Mtakaokisoma ni ninyi wa kidato cha kwanza, kwa hiyo kachague wewe. Lakini usilipe kabla hujasoma kidogo ndani."

Judica alifika duka la vitabu, karibu na soko la Bukoba, akihema. Muuzaji, Bi Maulida, aliitikia shikamoo yake, kisha akaweka vitabu vitatu mezani.

"Keti kwenye benchi, mwanangu. Fungua kila kimoja usome ukurasa. Hakuna anayekufukuza."

Lakini Judica alijiona anafukuzwa. Nje pikipiki zilikuwa zikipiga honi, na Kamala, mwenzake wa darasa, alikuwa akimwita kutoka barabarani. Kitabu cha kwanza kilikuwa chembamba, kina michoro, akakiona cha kitoto. Cha pili hakukigusa kabisa. Cha tatu kilikuwa kizito kama tofali, na jalada lake lilisema kina amri zote. Alijiona akiingia nacho darasani na wenzake wakimtolea macho.

"Nachukua hiki," alisema bila kukifungua.

Kesho yake, mbele ya klabu, Mwalimu Burhani alikipima kile kitabu mkononi. "Ulivisoma vyote vitatu?"

"Ndiyo, mwalimu. Vyote."

Uongo ule ulimtoka upesi kama kila kitu chake. Wenzake walipiga makofi, na yeye akatabasamu, lakini moyoni kuna kitu kilianza kumkwaruza.

Makofi hayakudumu. Kitabu kilianza katikati ya mambo, kama msomaji ameshafanya kazi hiyo miaka mingi. Maandishi yalikuwa madogo na Kiingereza chake kigumu. Judica alipekua mbele, akarudi nyuma, akadaka amri moja ndefu, akaiandika. Skrini ikajaa mistari inayokimbia kwenda juu, na Nancy, aliyekaa jirani, akaruka kutoka kwenye kiti.

"Mwenyekiti, umeiua," alisema Kamala, na darasa zima likacheka.

Haikuwa imekufa, lakini hadi jioni hakuna aliyejua hata namna ya kuona faili zilizomo. Usiku Judica alijigeuza kitandani kama chapati.

Jumamosi shangazi alimpa panga. "Nenda kibanjani, kwenye migomba yetu, ukate mkungu wa ndizi za kupika. Tuna wageni kutoka Kashozi."

Judica alikwenda mbio, akili ikiwa kwenye kitabu. Aliona mkungu mnene kupita yote, akaukata, akaukokota hadi jikoni akijisifu. Shangazi aliuangalia, akaketi kwenye kigoda, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Waitu, mtoto wa Muleba hujui ebitoke, ndizi za kupika? Hizi ni ndizi za pombe. Ukizipika leo, wageni watauma meno na kuaga mapema."

Judica aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. "Niliona ndiyo mkubwa, shangazi."

"Ni mkubwa, na ni mzuri. Tutauivisha, tukamue juisi. Lakini wageni wanataka chakula leo. Ungesimama kidogo tu, ukaangalia mgomba wenyewe, ungejua. Unaujua toka utotoni."

Judica aliutazama mkungu ule, na badala ya ndizi akaona kitabu. Mara akaanza kulia. Akaeleza kila kitu: benchi ambalo hakukalia, vitabu ambavyo hakufungua, na alivyomdanganya mwalimu.

Shangazi alimwacha alie hadi akanyamaza. "Mkungu nimekusamehe, kwa sababu hukuniambia kwamba ni ebitoke huku ukijua siyo. Hilo la mwalimu kalimalize mwenyewe Jumatatu."

Jumatatu, kwa mara ya kwanza, Judica alitembea polepole kwenda shule. Alimkuta Mwalimu Burhani peke yake.

"Shikamoo, mwalimu. Nilikudanganya. Sikusoma kitabu hata kimoja. Nilichukua kinene ili nionekane najua."

Mwalimu alikivuta kile kitabu kinene mezani, akakifunga. "Nilianza kudhani ninyi ni wazito wa kuelewa," alisema. "Tumepoteza siku kwa ajili ya neno lako moja. Twende dukani."

Bi Maulida alikikagua kitabu. Kilikuwa bado kisafi. "Nitakibadilisha," alisema, "lakini leo benchi utalikalia."

Judica alikaa. Goti lilimcheza, akalibana kwa mkono. Alisoma ukurasa wa kila kitabu, kisha akakifunga na kujaribu kumsimulia mwalimu alichokisoma. Cha kinene hakuweza kusimulia hata sentensi. Cha pili kilimweleza historia ndefu ya kompyuta bila kumpa kazi ya kufanya. Kile chembamba kilimwambia aandike herufi mbili, l na s, aone faili zilizomo, kisha ajaribu mwenyewe kutengeneza folda. Vidole vyake vikaanza kugonga kwenye paja kama yuko kwenye kibodi.

"Hiki," alisema. "Nakielewa."

"Kile kinene nakuwekea," alisema Bi Maulida. "Ukikimaliza hiki, kifuate."

Wiki ile wanaklabu hawakwenda kucheza mpira. Walisoma ukurasa, wakaujaribu, wakakosea, wakarudia. Ijumaa Mwalimu Rutashobya aliingia akiwa amefunga mikono kifuani. Judica aliketi mbele ya skrini nyeusi, akaorodhesha faili, akaandika amri ya kutengeneza folda. Kompyuta ikakataa.

Zamani Judica angebahatisha amri nyingine haraka haraka. Safari hii alivuta pumzi.

"Nimekosea, mwalimu. Naomba niangalie kitabu."

Alifungua ukurasa, akaona herufi aliyoiruka, akaandika upya taratibu. Folda ikatokea. Kamala akaweka faili ndani, Nancy akainakili, na Mkuu wa Shule akafungua mikono.

"Kompyuta zinabaki," alisema. "Na wale wa Muleba watakuja hapa kujifunza. Nimependa hasa pale uliposema umekosea."

Mchana shangazi Evelyne alifika na dumu la juisi. Ndizi za ule mkungu zilikuwa zimeiva. Mwalimu Burhani alipokea kikombe, akasikia kisa cha kibanjani, akacheka, kisha akawageukia wanafunzi.

"Mkungu haukuwa mbaya, na kitabu kinene hakikuwa kibaya. Vilichukuliwa na mtu mwenye haraka, anayetaka kuonekana. Chagueni kinachowafaa leo, na mkikosea semeni mapema, wakati bado kuna nafasi ya kurudi dukani."

Judica alipokea kikombe chake. Akavuta benchi, akakaa, ndipo akanywa.