Beseni la Papa Musafiri

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule kulia, Olga alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kupeleka maganda na majivu ya jikoni kwenye shimo la mboji la kijiji. Ya pili ilikuwa kuangalia mihogo ya mama yake iliyoloweshwa majini, kama imelainika au bado. Ile ya kwanza aliipenda kwa kuwa ilikuwa fupi. Ya pili alikuwa ameifupisha mwenyewe, kwa njia ambayo hakumwambia mtu.

Kijiji chao kinaitwa Tusaidiane, kando ya barabara inayotoka Kasongo kwenda Kabambare. Familia zilizokianzisha zilikuwa zimechoka kukimbia vita na kurudi, kila mara zikikuta nyumba zimemezwa na magugu. Ziliporudi mara ya mwisho zilikubaliana kuishi kwa kushikana. Zikaweka ghala moja la mbegu, kitalu kimoja cha miti, msitu wa chemchemi usioguswa na panga, na mabwawa mawili ya samaki yanayopata maji kwa mfereji mmoja. Siku ya salongo kila nyumba hutoa mtu mwenye jembe kwa kazi ya wote, na asiyekuja huimbwa kwa jina mpaka aone haya.

Bwawa dogo ndilo linalopokea maji ya mfereji kwanza. Humo hukaa samaki wachanga, mbegu ya mwaka unaofuata. Wakifa hao, bwawa kubwa litabaki la vyura tu.

Na wakaanza kufa. Asubuhi moja ya kiangazi Papa Célestin, mlinzi wa mabwawa, aliwakuta wanaelea matumbo juu. Maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, na povu limejikusanya pembeni. Aliwaokota mmoja mmoja, akawatia ndani ya kofia yake. Kesho yake akaokota wengine. Papa Célestin ni mtu wa maneno mengi, lakini siku hizo alinyamaza, na ukimya wake uliwatisha watu kuliko makelele yake.

Hatimaye akasema: "Maji hayajitii sumu yenyewe. Iko mutu."

Mtu huyo akapatikana upesi. Akawa mgeni, kama ilivyo kawaida ya dunia.

Papa Musafiri alikuwa ametoka Salamabila, alikochimba dhahabu miaka mingi. Shimo lilipomwangukia mwenzake, aliweka chini sururu, akaja Tusaidiane na mkewe Mama Pascaline na binti yao Aziza kuomba kulima. Desturi ya kijiji ni kwamba familia mpya hukaa msimu mmoja ikitazamwa, kisha baraza huamua ibaki au iende. Baraza la akina Musafiri lilikuwa limepangwa Jumamosi ya wiki hiyo. Wakikataliwa, hawakuwa na pa kwenda ila kurudi machimboni, na Aziza angeacha masomo akaoshe mchanga wa dhahabu.

"Kule Salamabila banakamata dhahabu na zebaki," watu walinong'ona. "Na zebaki ni sumu. Sasa angalia ule mutu: kila asubui anapanda juu ya mufereji na beseni. Iko nini mu beseni?"

Olga alikuwa ameliona beseni hilo kwa macho yake. Lilipopanda lilikuwa tupu. Liliposhuka lilikuwa limejaa na kufunikwa kitambaa kilicholowa maji. Mwenye nalo alilibeba polepole, akitazama huku na huku. Kwa nini mtu afunike kitu kama hakifichi? Asubuhi ya Alhamisi Olga alijificha nyuma ya kichaka. Papa Musafiri alipofika pale akasimama, akakitazama kichaka, akatabasamu, akaenda zake. Tabasamu lile lilimwogopesha Olga zaidi. Mtu mwema anakichekea kichaka kwa nini?

Darasani yeye na Aziza walikaa dawati moja. Siku hiyo Aziza alimsogezea karanga za kukaanga kama kawaida. Olga aliziangalia, akakumbuka zebaki, akavuta mkono.

"Olga, nimekukosea nini?"

"Mimi? Hakuna kitu."

Aziza alizifunga karanga zake kwenye ncha ya kitenge. Olga alijisikia vibaya, lakini alijiambia kwamba tahadhari si dhambi.

Jioni mama yake, Mama Victorine, alimwuliza akipepeta unga: "Mihogo iko wapi, Olga? Iko kule chini?"

"Ndiyo, Mama. Kule chini."

Lilimtoka jibu hilo kwa urahisi, kwa kuwa lilikuwa limemtoka mara nyingi.

Jumamosi watu walijaa barazani. Mama Marie-Thérèse, mkuu wa kamati, alimpa Papa Célestin nafasi ya kusema, naye akafunua ungo aliokaushia samaki wale wadogo. Watu waliguna.

"Dalili ya mvua ni mawingu," alisema. "Ule mutu alifika, samaki bakakufa. Nani amemuona juu ya mufereji?"

Olga akainuka, akiwa na woga uliochanganyika na fahari.

"Mimi nimemuona. Kila asubui. Na beseni yake iko inafunikwa."

Nyuma kabisa, Aziza aliinamisha kichwa. Mama Pascaline alianza kukohoa, kikohozi chake kirefu cha siku zote.

Papa Musafiri alisimama bila haraka. "Ni kweli, ninapanda kule. Twende, niwaonyeshe."

Kamati ikaenda, na nusu ya kijiji nyuma yake. Olga alitangulia kama shahidi. Walipita njia ya shamba, wakatokea juu kabisa, karibu na chemchemi. Hapo, hatua nyingi kutoka majini, palikuwa na kichuguu kilichochimbwa upande mmoja kwa uangalifu, na jembe limeegemezwa.

"Ni udongo wa kichuguu tu," alisema Papa Musafiri. "Ninatengeneza mbabula kwa mama ya Aziza, ile jiko ya udongo ya kula kuni kidogo kama zenu. Moshi ya mafiga inamuua kifua. Ninafunika udongo na kitambaa ya maji, maana jua ikiukausha njiani, unapasuka."

"Na mbona hukusema?" aliuliza Papa Célestin.

"Nani aliniuliza, Papa? Batu banaangalia beseni, lakini mimi mwenyewe hata salamu sipati. Huyu mutoto nilimuona mu kichaka. Nilifikiri anataka kujifunza kufinyanga, anaona haya."

Wengine walicheka. Papa Célestin hakucheka. Shaka ikishaingia haitoki kwa kicheko. "Udongo ni udongo," alisema. "Lakini samaki bamekufa, na hatujui anaficha nini fasi ingine, labda mu nyumba. Jua ni kali. Turudi kwa njia ya shamba, baraza iamue."

Olga hakumsikia vizuri. Alikuwa anatazama mfereji. Hapo juu maji yalikuwa maangavu, hata mchanga wa chini ulionekana, na visamaki vidogo vya porini vilikuwa vinacheza. Kule chini maji meupe na povu. Hapa juu maji safi. Sasa katikati kuna nini?

Alijua kilichokuwa katikati.

Katikati, pale mfereji unapopinda chini ya majani mapana, palikuwa na vikapu vya mihogo. Shimo la kuloweshea mihogo liko chini ya mabwawa yote, mbali, na kiangazi hicho maji yake yalikuwa yamepungua, akina mama wakigombania nafasi. Sheria ilisema mihogo isiingizwe mferejini. Olga aliijua sheria, ila sababu yake hakuijua. Alidhani ni usafi tu. Mihogo ni chakula, bugali ya kila siku. Chakula kitamuua nani? Basi alikuwa akificha vikapu pale, akipata muda wa kucheza kabla ya kengele. Harufu haikumshtua mtu, maana wakati wa kiangazi kijiji kizima hunuka muhogo uliolowa.

Hakuna aliyejua. Watu walikuwa wameshaanza kugeuka kuelekea shambani. Akinyamaza, jioni anaweza kuviondoa vikapu, na maji yatajisafisha. Papa Musafiri ataondoka na sumu yake isiyokuwepo. Nani atauliza tena?

Akamwona Aziza. Alikuwa amesimama peke yake kando ya kichuguu, amelishika beseni tupu la baba yake kwa mikono miwili, kana kwamba nalo litanyang'anywa.

"Tusipite shambani," Olga alisema. Akarudia kwa nguvu. "Tusipite shambani! Tufuate mufereji. Iko kitu nataka kuwaonyesha. Ni yangu."

Walifuata mfereji. Penye kona Olga aliingia majini na nguo zake, akaondoa majani. Povu jeupe likachemka juu. Vikapu vilikuwa vitano, vimejaa mihogo michungu iliyovimba, na kila kimoja kimefungwa kipande cha kitenge cha Mama Victorine, kile cha maua ya njano kilichojulikana na kijiji kizima. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na siku hiyo hakuna aliyehitaji kukumbushwa msemo huo.

Mama Victorine alijifunika uso. "Olga! Uliniambia kule chini."

"Nilidanganya, Mama." Machozi yalimtoka. "Sikujua inaua samaki. Lakini nilijua ni makosa, ndiyo maana nilificha. Na nilimusema Papa Musafiri mbele ya batu bote. Munisamehe, Papa."

Papa Musafiri alinyoosha mkono akamtoa majini. "Ungenyamaza, leo ningefunga mizigo," alisema. "Nimekusamehe, binti yangu."

Papa Célestin alivua kofia yake. Alimwomba mgeni radhi hadharani, na kwa mtu wa maneno mengi, alitumia machache sana: "Mimi ndiye mulinzi, na sikutembea huu mufereji hata siku moja. Nilikuwa natembea nyuma yako."

Baraza lilimalizikia palepale, watu wakiwa wamesimama kwenye tope. Akina Musafiri walipokewa bila neno la kupinga. Olga na mama yake walipewa kazi ya kusafisha bwawa dogo, na Papa Célestin akasema atasafisha nao. Kisha Mama Marie-Thérèse akawageukia watoto wote waliokuwa pale.

"Sikilizeni, banangu. Muhogo muchungu ukilowa unatoa sumu yake mu maji. Ndiyo sababu tunaulowesha kwanza, na ndiyo sababu hauingii mu mufereji. Sisi bakubwa tuliwapa sheria, hatukuwapa sababu. Hilo ni kosa yetu. Lakini muangalie: maji yalikuwa yanatuonyesha njia kila siku. Tungeyafuata, tungefika hapa siku ya kwanza. Sisi tulimufuata mutu, sababu anatoka mbali. Hapa tunategemea mufereji moja. Mwenye kudanganya ndani yake anatudanganya bote, na mwenye kumushuku jirani bila kumuuliza anaharibu maji vilevile."

Jumatatu asubuhi Olga alitoka na kikapu kizito kuelekea shimo la kule chini. Njiani alimkuta Aziza amesimama akimngoja. Aziza alishika upande wa pili wa kikapu.

"Ni mbali," alisema Olga, macho chini.

"Najua," alijibu Aziza. "Ndiyo maana nimekuja na karanga."