Mkono wa Bibi na Jezi Namba Tisa

Kila Jumamosi ya mechi, kinyozi alikuwa na mteja mmoja asiyepanga foleni. Mteja huyo alikuwa mama yake mzazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Aliingia dukani na mto wake wa bluu kwapani, akakaa kwenye kiti bila kuuliza zamu ya nani.

"Nipunguzie nywele, mwanangu. Zinanizuia kuona mpira."

"Mama, nywele ziko kichwani, macho yako chini yake."

"Nyoa wewe! Nitachelewa."

Bibi alipenda mpira wa wavu kuliko chai ya asubuhi. Alijifunza kusoma akiwa na miaka sitini, kwenye darasa la watu wazima, ili asome habari za michezo bila kumsubiri mtu. Uwanjani alikaa safu ya tatu, karibu na wavu, juu ya mto wake. Timu ya taifa ikicheza, alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Mchezaji aliyempenda zaidi alivaa jezi namba tisa. Watu walimwita Kombora, kwa jinsi alivyopiga mpira. Picha yake ilikuwa kwenye ukuta wa duka la kinyozi, juu kidogo ya kioo. Bibi alitaka kitu kimoja tu, Kombora autie saini mto wake.

Jumamosi moja timu ilifungwa. Bibi alisubiri kwenye ngazi za mlango wa wachezaji, mto mkono mmoja, kalamu mkono wa pili. Kombora akatoka, uso umemvimba kwa hasira.

"Pole, mwanangu," Bibi akamwambia. "Mechi ijayo mtashinda. Nitilie saini hapa."

"Nipishe, ajuza wee!"

Akamsukuma. Bibi akaporomoka ngazi tatu. Mama muuza maji aliyekuwa pale mlangoni akatupa ndoo yake, akamkimbilia. Kombora akapanda basi. Ofisa mmoja wa chama cha wavu cha taifa alikuwa amesimama palepale. Aliangalia viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

Hospitali walisema mfupa wa kiwiko cha mkono wa kulia umepasuka. Bibi akafungwa plasta ya wiki sita. Hakulia. Alipofika nyumbani aliusukumia mto wake chini ya kitanda.

"Uwanjani sirudi," alisema. "Mimi ni ajuza. Ameshanikumbusha."

Neno hilo lilimchoma kinyozi kuliko plasta. Jumapili redio ilitangaza mechi, na hakuna aliyeshangilia. Nyumba ilipoa. Kinyozi akaapa moyoni kwamba mama yake atarudi safu ya tatu, iwe isiwe.

Jumatatu asubuhi alifunga duka, akaenda ofisi ya chama. Njia nzima alipanga maneno makali. Lakini katibu wa chama alikuwa na ulimi wa asali.

"Karibu, kaka, karibu! Keti. Pole sana. Tena mwambie mama pole sana. Unajua, watu kama ninyi ndio uti wa mgongo wa timu yetu?"

Kinyozi akaletewa soda baridi. Kisha katibu akafungua kabati, akatoa jezi mpya namba tisa. Kifuani ilikuwa na saini ya Kombora.

"Hii ni yako. Weka tu jina lako kwenye karatasi hii, kwamba umepokea na jambo limekwisha."

Kinyozi akaandika jina. Aliingia amefura, akatoka anatabasamu. Aliitundika jezi ukutani kwenye msumari mpya, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Ilipendeza.

Kesho yake Bibi alipita dukani. Kinyozi alikuwa anamnyoa jirani yao, mwanamke wa makamo aliyeitwa Filimbi. Alikuwa refa wa wavu miaka ishirini kabla ya kustaafu na kuanza kushona sare za shule. Mpaka leo filimbi yake huivaa shingoni.

"Hiyo ni nini?" Bibi aliuliza.

"Jezi ya Kombora, Mama! Ameitia saini mwenyewe. Nilikwenda kulalamika, wakanipa."

Bibi akaitazama jezi. Kisha akaitazama plasta yake.

"Kumbe bei ya mkono wangu ni fulana," alisema, akatoka.

Mkasi ulibaki hewani. Kinyozi aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka.

"Jirani," Filimbi akasema kutoka kwenye kiti, "wamekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Maliza kwanza kichwa changu, usiniache nusu. Halafu tuzungumze."

"Tuzungumze nini? Kombora ni nyota. Mimi kinyozi. Nitamfanya nini?"

"Si Kombora peke yake. Akivaa jezi ya taifa, chama ndicho kimemvisha. Chama kinamchagua, kinamsafirisha, kinamsifu akishinda. Basi akimwumiza mtu, chama kinawajibika pia. Kina katiba. Kina kanuni za nidhamu na kamati ya nidhamu. Hivyo vyote havikuandikwa kwa ajili ya mapambo."

"Lakini nimeshasaini kwamba limekwisha!"

"Nani aliumia?"

"Mama."

"Nani alisaini?"

"Mimi."

"Mama alikutuma?"

"Hapana."

"Basi umeuza ng'ombe wa jirani. Haki ni ya aliyeumia. Kinyozi hajinyoi, ndugu yangu, na akijinyoa hujikata. Jioni nakuja kwenu."

Jioni Filimbi alikuja na kitabu chembamba, kona zake zimeliwa na panya. Kilikuwa kitabu cha kanuni za nidhamu. Bibi alikataa hata kukaa mezani.

"Niacheni. Huyo ni kijana tu. Yatapita."

"Bibi," Filimbi alisema, "refa asipopuliza, faulo inakuwa sheria. Leo wewe. Kesho nani?"

Bibi akavuta kiti.

"Malalamiko ya mdomo hupeperuka," Filimbi akaendelea. "Tunaandika. Tutasema siku gani, wapi, nani alifanya nini, na nani aliona. Mwisho tutasema tunataka nini."

Kinyozi akachukua kalamu. Aliandika kwa kasi, akasoma kwa sauti: "Kwenu ninyi majambazi msio na haya..."

Filimbi akapuliza filimbi yake. Paka akaruka dirishani.

"Faulo! Ukiwatukana, watajibu matusi na kuacha hoja. Andika kilichotokea tu. Ukweli wenyewe unatosha."

Kinyozi akaanza upya. Mkewe alileta karatasi ya hospitali ili waambatanishe. Mama muuza maji alikuja, akaeleza alichokiona, nacho kikaandikwa. Ikabaki sehemu ya mwisho.

"Unataka nini, Mama?" kinyozi aliuliza. Ndiyo kwanza alimwuliza, tangu siku ile.

"Nataka aniombe radhi palepale aliponisukuma. Na nataka asimsukume mtu mwingine tena."

Ikabaki saini. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta. Kinyozi akatafuta wino. "Weka dole gumba, Mama."

"Dole gumba?" Bibi aling'aka. "Nilikaa darasani na wajukuu wananicheka ili nije niweke dole gumba? Lete kalamu!"

Akaandika jina lake kwa mkono wa kushoto. Herufi zilipanda na kushuka, na ya mwisho nusura itoke nje ya karatasi. Alitoa jasho. Alipomaliza, wote walipiga makofi, na Bibi akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Asubuhi kinyozi alianza kuikunja jezi ili airudishe. Dereva wa basi alikuwa anasubiri kunyolewa ndevu.

"Hata mimi ninayo hiyo!" alisema.

"Ulinunua?"

"Nilipewa. Kombora alivunja kioo cha basi langu kwa teke. Chama wakanipa jezi, nikanyamaza."

Kinyozi akatazamana na Filimbi, aliyekuwa amekuja kuchukua barua. Kuanzia hapo kila aliyekaa kwenye kiti aliulizwa swali moja: nawe ulipewa jezi ya Kombora? Kabla ya jua kuzama walikuwa wamempata mkata tiketi aliyezabwa kofi, na binti mshika kibendera aliyerushiwa chupa ya maji. Wote walikuwa na jezi namba tisa kabatini. Wote walidhani yametokea kwao tu.

"Wanafunika kombe mwanaharamu apite," Filimbi alisema. "Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na sisi sasa ni mkono mzima."

Kila mmoja akaandika barua yake. Waliandika nakala tatu tatu, wakaenda ofisini kwa pamoja. Karani wa mapokezi hakuinua hata macho.

"Acheni hapo mezani."

"Tunaomba mgonge muhuri na tarehe kwenye nakala zetu," Filimbi alisema kwa upole. "Ndiyo ushahidi kwamba mmepokea."

"Muhuri umepotea."

"Tutasubiri uonekane."

Wakakaa kwenye benchi. Bibi akaanza kusimulia mechi ya mwaka juzi, pointi kwa pointi, kwa sauti yake ya uwanjani. Alipofika seti ya pili, karani alifungua droo. Muhuri ulikuwa ndani.

Kanuni zilisema chama kijibu ndani ya siku kumi na nne. Siku zikapita, kimya. Kinyozi akavua koti lake la kazi.

"Nakwenda kuwapasha!"

"Vaa koti lako," Filimbi alisema. "Chama kina mkubwa wake. Baraza la michezo ndilo linalosimamia vyama vyote. Tunapeleka huko nakala moja moja yenye muhuri, nyingine tunabaki nayo. Muhuri ule utapiga kelele kukushinda wewe."

Na kweli. Baraza liliona tarehe kwenye mihuri, likahesabu siku. Wiki hiyohiyo chama kiliamriwa kuitisha kamati ya nidhamu.

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu na feni inayolia. Kombora alikaa mwisho wa meza, kichwa chini. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwanamke mwenye miwani minene. Katibu alisimama wa kwanza.

"Ndugu mwenyekiti, hii ilikuwa bahati mbaya. Jambo la mara moja tu."

Bibi akaiweka jezi mezani. Dereva akaweka yake. Mkata tiketi akaweka yake. Binti mshika kibendera akaweka yake. Jezi nne, zote namba tisa.

Mwenyekiti alishusha miwani.

"Katibu, hizi ni bahati mbaya ngapi?"

Katibu akarudi kukaa, ulimi wa asali umekosa asali.

Ndipo Kombora akainua kichwa. "Mimi sikujua kama bibi amevunjika," alisema taratibu. "Kila nikikosea niliambiwa yamekwisha, nikacheze. Nikazoea. Lakini mkono uliomsukuma ni wangu."

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," Bibi alisema. "Na sisi tulikusifu sana. Mimi nikiwa wa kwanza! Lakini hukuwa na wa kukukunja ungali mbichi. Hiyo ilikuwa kazi ya chama."

Kamati iliamua siku hiyohiyo. Kombora asicheze mechi nne, na amwombe radhi kila aliyemkosea, mbele ya watu. Chama kilipe matibabu na kioo cha basi. Baraza nalo likakipa chama onyo la maandishi, na katibu akaondolewa ofisini. Tangu hapo kila siku ya mechi kuna meza ya malalamiko mlangoni. Ina fomu na muhuri, na hakuna jezi hata moja.

Jumamosi iliyofuata, mlango wa duka ulifunguliwa kwa kishindo.

"Nipunguzie nywele, mwanangu!"

Bibi alikuwa na mto wake wa bluu kwapani. Kinyozi alimnyoa huku machozi yanamlenga, akasingizia vumbi la nywele.

Uwanjani, Kombora alikuwa anasubiri kwenye ngazi, amevaa nguo za kawaida. Watu walijaa. Alipiga goti palepale.

"Bibi, nilikukosea. Nilikusukuma, nikakutukana. Naomba unisamehe."

"Nimekusamehe. Inuka, unachafua suruali."

Watu wakacheka. Kombora akatoa kalamu mfukoni. "Nikutilie saini kwenye mto?"

"Bado," Bibi alisema. "Saini yako nitaiomba ukimaliza mechi zako nne. Leo nibebee mto."

Kombora akaubeba mto kwa mikono miwili mpaka safu ya tatu. Akaukung'uta, akauweka, akakaa karibu na Bibi kama mtazamaji. Timu ilishinda seti tatu kwa mbili bila yeye. Kwenye pointi ya mwisho wote wawili walisahau yote, wakarukaruka. Kinyozi aliyekaa nyuma yao alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Sasa alijua mama yake alikuwa anasikia raha gani.

Ule msumari mpya haukukaa bure. Kinyozi alitundika hapo nakala ya barua ya Bibi, ndani ya fremu. Wateja wanasoma wakingoja zamu. Juzi mgeni mmoja aliinuka kitini na shuka shingoni, akaisogelea. Alitazama muhuri, kisha zile herufi zinazopanda na kushuka.

"Saini ya nani hii? Ya yule nyota wenu?"

"Ndiyo," kinyozi alisema. "Ya mama yangu."