Clotilde Anakatala Pneu ya Meno Murefu

Ku kambi ya Panda, mu Likasi, motoka ya kwanza kulia asubui ni ya Clotilde. Saa kumi na moja, vrum! Benye kulala banajifunika kichwa. Benye kuenda Lubumbashi banatoka mbio na mifuko yabo.

Clotilde eko chauffeur wa taxi. Ndiyo, mwanamuke! Anabebaka bantu bane mupaka Lubumbashi, kisha anarudisha bengine. Ile njia anaijua sawa nyumba yake. Bwana yake, Adrien, anatumika ku usine, kiwanda. Binti yabo ni Laure, njo maana bantu banamuitaka Clotilde Mama Laure. Motoka ni yabo bote mbili. Nusu ya bei ilitoka ku mushahara ya Adrien. Nusu ilitoka ku likelemba ya Clotilde, kikundi ya bamama benye kutosha makuta kila mwezi na kupeana mumoja mumoja. Hakuna mwenye alimupa ile motoka zawadi.

Siku moja ya mwezi wa kumi, jua iliwaka sawa moto ya makala. Clotilde alikuwa anarudi toka Lubumbashi. Pembeni yake kulikuwa mama Suzanne, mwenye kuuzisha bitenge. Mama Suzanne alikuwa anahadisia ndoa ya binti yake. Alifika pa mahari, na mara: PAA!

Pneu ya mbele, ile tairi ya kushoto, ilipasuka. Motoka ilivuta ku kushoto. Na mbele, lori ya mine, yenye kubeba mawe ya madini, ilikuwa inakuya!

Clotilde hakurukia frein, ile breki. Alishika volant na mikono yote mbili. Alitosha muguu ku gaz pole pole. Alirudisha motoka ku kuume, mupaka mu majani. Lori ilipita, vuuu! Vumbi ilibafunika bote.

"Yesu wangu!" mama Suzanne alilia. "Mama Laure, niangalie! Niko muzima?"

"Uko muzima, mama. Mufu halalamike hivi."

Tata mumoja wa nyuma alifungua mulango. "Mi nilijua!" alisema. "Chauffeur mwanamuke, njo vile!"

"Tata, huyu mwanamuke njo amekutosha mu kinywa ya lori," Clotilde alijibu. "Shuka. Shika jack."

Alishuka, alishika jack.

Clotilde aliangalia pneu. Ngozi yake yote ilitoka, sawa ndizi yenye kumenywa. Hii ilikuwa pneu ya tatu mu miezi tano. Pneu tatu! Moyo yake ilianza kuwaka kuliko ile jua.

Siku ya yenga, kisha misa, Germain alikuya. Germain ni yaya, kaka mukubwa, ya Adrien. Ni yeye alichaguaka pneu za motoka, juu alisema anajua mambo ya motoka tangu zamani. Alikula bukari, alinawa mikono, kisha alianza.

"Pneu tatu, miezi tano. Na pneu zenyewe, nilichagua minye! Zilikuwa na meno murefu, muzuri, sawa mupya. Pneu haijiuwe yenyewe. Ni chauffeur anaiuwa."

"Yaya, ngoja kwanza," Adrien alisema.

"Ningoje nini? Bantu bafie mu njia? Yenga yenye inakuya, Mama Laure atanipa clé, funguo ya motoka. Nitaendesha minye. Yeye auzishe mikate, ni kazi muzuri."

Adrien aliangalia sahani yake. Clotilde alingoja aseme neno. Adrien alikamata bukari ingine.

Basi Clotilde alisimama.

"Yaya Germain, nusu ya hii motoka ni jasho yangu. Sipeane clé."

"Utapeana."

"Unipe juma moja. Nitajua ni nini inauwa pneu. Kama ni minye, nitaitia clé mu mukono yako, mbele ya bantu bote. Kama si minye, usifungule tena kinywa yako juu ya kazi yangu."

Germain alicheka. "Juma moja! Utauliza pneu, itakujibu?"

"Itajibu," Clotilde alisema. Wakati ile hakujua namna gani. Lakini alisema!

Kesho yake, mangaribi, alisukuma ile pneu yenye kupasuka mupaka kwa jirani yake Simone. Simone anatumika ku mine, mu atelier ya pneu. Pneu za kwabo ni kubwa kupita mulango ya nyumba. Simone alikuwa anatosha maboti.

"Unaniletea maiti?" Simone aliuliza.

"Maiti, ndiyo. Uniambie nini ilimuuwa. Banasema ni minye."

Simone alikamata kitambaa ya mayi na kupangusa pneu. Kitambaa iligeuka nyeusi.

"Ona. Hii weusi yenye kungala ni cirage. Banaipakaka juu pneu ya zamani ionekane mupya. Sasa angalia hapa pembeni. Unaona picha gani?"

Clotilde aliinama. "Kilima. Ndani yake kuko... maua?"

"Si maua. Ni neige, theluji. Ile barafu ya nyeupe yenye inaangukaka Bulaya wakati ya baridi."

"Na mu Likasi neige inaangukaka wapi?"

"Mu frigo yako!"

Balicheka bote mbili. Kisha Simone aliacha kucheka.

"Sikia, Mama Laure. Hii ni pneu ya baridi. Kauchu yake, ile mpira, ni laini sana, juu isikauke wakati ya barafu. Huku kwetu, na hii jua, na goudron, ile lami, ya moto, inalainika kupita kipimo. Inaisha mbio. Ukipiga frein, haishike muzuri. Ukipakia bantu na mizigo na kukimbia, inapata moto mupaka inapasuka."

"Lakini meno yake ni murefu! Yaya Germain anapendaka meno murefu."

"Kila muntu anayapenda. Meno ni murefu juu ya kukamata neige. Pitisha kidole. Unasikia mu kila jino kuko mikato ndogo ndogo, sawa ya wembe? Ni ya neige pia. Bazungu banaitosha ku motoka zabo, inakuya huku, na shee tunashangilia: meno murefu, pneu mupya!"

Clotilde alikaza midomo. Pneu tatu. Mama Suzanne na kilio yake. Na mikate ya Germain!

"Bado," Simone alisema. "Angalia herufi DOT. Unisomee namba mune za mwisho."

"Tatu, tano, moja, mbili."

"Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Juma ya makumi tatu na tano, mwaka 2012."

"Eh! Laure alikuwa anatambaa! Leo amenipita urefu!"

"Njo vile. Kauchu inazeeka hata kama haitembee. Ona hii mipasuko. Pneu ikipita miaka kumi, uiache, hata ikiwa na meno yote."

"Basi ninunue nini? Siko na makuta ya ma-pneu ya bakubwa."

"Ulizia pneu d'été. Été ni wakati ya moto kule Bulaya. Kwetu moto iko mwaka muzima, alors ni ile njo inatufaa. Kauchu yake inavumilia goudron ya moto. Mifereji yake ni mipana, inafukuza mayi wakati ya mvua. Usikimbilie jina kubwa. Kuko za jina ndogo, za mupya kabisa, bei ya katikati. Lakini jina ndogo au kubwa, soma tarehe."

Simone alifungua mulango ya motoka ya Clotilde. Ndani, pembeni, kulikuwa karatasi ndogo ya kubandika. Clotilde alipitaka mbele yake kila siku, hakuisomaka.

"Hapa motoka inakuambia kipimo ya pneu yake: 185/65 R15. Hizi za mwisho, 88H, ni uzito na mbio yenye pneu inaweza. Unaweza kukamata ya juu, si ya chini. Na hapa ni kipimo ya mupepo."

"Kwado wangu, ule mwenye kuziba pneu, anapunguzaka mupepo muchana. Anasema jua itapasua pneu."

"Aache! Pneu ya moto inavimba kidogo, ni kawaida. Ukiipunguza, kesho inaamuka na mupepo kidogo. Inajikunja, inapata moto kupita jana. Upime asubui, mbele motoka haiyatembea."

Clotilde aliandika yote mu telefone yake. Hakulala mapema. Alikuwa anajisomea: kilima, tarehe, kipimo. Kilima, tarehe, kipimo.

Siku ya posho, mbele ya yenga, Clotilde, Adrien na Germain balienda ku soko ya pneu za occasion, zenye zilisha kutumika Bulaya. Muuzaji, Carlos, alimujua Germain. Alileta pneu mune zenye kungala sawa viatu vya misa.

"Grand, angalia meno! Hii inatoka Bulaya, Allemagne!"

Germain aligusa meno, aliitika na kichwa. "Njo hizi."

Clotilde alitosha kitambaa ya mayi. Aliinama, alianza kupangusa. Bijana benye kukaa pale balicheka.

"Mama, unaogesha pneu? Uipake na mafuta basi!"

"Tangu lini mwanamuke anasoma pneu?" Germain alinungunika.

"Tangu juma hii," Clotilde alijibu. "Carlos, hii picha ni ya nini?"

"Ah, ile... ni ya usine tu, mama."

"Ni neige. Unionyeshe neige mu Likasi, nitanunua zote mune."

Kicheko ilihama. Sasa balikuwa banamucheka Carlos.

"Na hii namba? Mwaka 2011. Bantu bangu nibapakie juu ya pneu ya 2011?"

"Mama, utaniharibia soko! Bon, kamata hii basi, ya sport, pana. Utakimbia sawa ndege!"

"Motoka yangu inaomba 185. Hii ni 205. Hapana."

Client mumoja pembeni alikuwa amesha kulipa. Aligeuza pneu yake, aliona kilima. "Carlos, rudisha makuta yangu," alisema.

Germain alikuwa anatoka jasho. "Tuende, unatupatisha haya."

"Haya iko kwa mwenye kuuzisha pneu ya neige," Clotilde alisema, "na kwa mwenye kuichagua mara tatu."

Eh! Alisema vile, mbele ya bantu bote! Germain alitangulia kutoka mu soko.

Balifika ku magasin moja, duka kubwa, mu centre. Clotilde aliulizia pneu d'été, 185/65 R15, jina ndogo. Alitafuta kilima: haiko. Alisoma tarehe: haiyamaliza mwaka moja. Alisoma uzito na herufi ya mbio: sawa.

"Nunua mbili kwanza," Germain alisema. "Ni bei."

Njo pale Adrien alipata sauti. "Hapana, yaya. Tunanunua mune. Nilichungaka makuta ya télé. Télé itangoja. Bibi yangu hatarudi tena mu njia na pneu yenye kumuuwa." Kisha aliangalia Clotilde. "Ningesema hivi tangu yenga."

"Ungesema," Clotilde alijibu. Lakini alimushika mukono.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilianza. Kila juma, asubui, Clotilde alipima mupepo. Mwezi wa kwanza ulipita, wa pili ulipita. Hakuna pneu ilipasuka. Kwado alianza kuuliza: "Mama, umehama?"

Mwezi wa tatu, Germain alikuwa na kazi Lubumbashi. Bus ilikuwa imejaa. Alikuya kwa Clotilde, alikaa mbele.

Katikati ya njia, mvua ilianguka sawa bantu banamwaga mandoo. Kisha kona moja: lori imesimama mu njia, imekufa, bila taa! Benye lori balitia matawi nyuma juu ya kuonya bantu, lakini mayi ilibeba yote.

Germain alishika dashboard. "Clotilde!"

Clotilde alikanyaga frein. Pneu zilikata mayi, zilishika goudron. Motoka haikuteleza ku kushoto, haikuteleza ku kuume. Ilisimama yenye kunyoka. Mbele yabo, lori, hatua tano.

Mvua iliendelea kupiga juu ya motoka.

Germain alitosha mikono pole pole ku dashboard.

"Shemeki," alisema, "mi nilikosa. Haikuwa weye."

"Najua."

"Bon. Clé ikale kwako."

Clotilde aliwasha taa ya kugeuka, aliangalia kioo, alizunguka lori.

"Haikutokaka kwangu, yaya," alisema. "Hata siku moja."